Wanaosema "ikifanya kazi usiiguse" wanatudanganya

Haya jamani, nimerudi chuo. Wiki nane za mazoezi ya kufundisha zimekwisha. Nimeacha nyumbani Kimuli mvua zimeanza na bibi anapalilia kibanja, nimekuja kukuta hosteli maji hayatoki na bumu halijaingia. Ya kawaida tu. Kwa wale mliodhani nimedisko kimyakimya, poleni sana, bado nipo nipo.

Kwa wageni: Kimuli ni kule Kyerwa, mkoa wa Kagera. Wazee wetu bado wanasema Karagwe, manake mpaka 2012 tulikuwa wilaya moja. Ukitaka kufika unapanda basi mpaka unachoka, halafu unapanda tena.

Nilipanga kuwaandikia vituko vya darasani, na vipo vingi. Lakini kuna jambo limenikaba kooni tangu nikiwa huko, na juzi pale kwenye vimbweta nimelisikia tena likisemwa na mtu wa mwaka wa tatu, mtu wa kompyuta kabisa, kwa sauti ya kujiamini: "Msimbo wa zamani ukifanya kazi usiuguse." Wote wakaitikia kwa vichwa kama wako msikitini. Mimi sikuitikia. Leo naeleza kwa nini, na atakayekasirika akasirike.

Nianze na kisa.

Shule niliyopangiwa iko mkoani kwetu, sitaitaja. Wana programu ya matokeo. Mwalimu wa kujitolea aliiandika kwa lugha ya C mwaka 2003, kwa kutumia Turbo C, ile ya skrini ya bluu ambayo na sisi tumefundishiwa hapa hapa. Huyo mwalimu aliondoka zamani. Baada yake kila aliyejua kompyuta kidogo alipita akaongeza kipande chake. Katibu muhtasi anaingiza alama, programu inapanga madaraja, inajumlisha pointi, inatoa divisheni, karatasi zinachapwa. Miaka yote hiyo "inafanya kazi".

Shule ilipofunguliwa Julai, wazazi wa kidato cha tatu wakaitwa kuchukua matokeo ya muhula wa kwanza. Nilikuwa natoka darasani, nikamkuta baba mmoja nje ya ofisi, kofia mkononi, binti yake kasimama pembeni anaangalia chini. Nikawasalimia. Baba akanyoosha ile karatasi kwangu.

"Mwalimu, hebu nisomee vizuri. Huyu mtoto Kiswahili amepata sifuri? Sifuri kabisa?"

Nikasoma. Uraia 0. Historia 0. Jiografia 0. Kiswahili 0. Kiingereza 97. Halafu sayansi na hisabati, alama za kawaida kabisa, thelathini na kitu, arobaini na kitu. Pointi 26, divisheni ya nne.

Nikamwambia mzee labda kuna makosa. Akajibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Wameshaniambia ofisini kwamba kompyuta haikosei. Sasa nafikiria, shamba lipo, na mama yake anahitaji msaidizi."

Mnaelewa hapo? Mtu anapanga kumtoa mtoto shule.

Binti alikuwa kimya tu. Nilipomuuliza akasema, "Ticha, Kiswahili mimi nilipata 68. Mwalimu alinionyesha karatasi."

Nikaenda kwa mwalimu wa Kiswahili, akafungua daftari lake: 68. Historia: 66. Uraia: 70. Jiografia: 52. Mwalimu wa Kiingereza alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu aanze kazi hajawahi kumpa mwanafunzi yeyote 97, na huyu alimpa 55. Nikapiga hesabu kwa mkono, masomo saba bora kama inavyotakiwa: pointi 19. Divisheni ya pili! Kompyuta imemshusha madaraja mawili, na shule nzima imeiamini kuliko madaftari ya walimu wake yenyewe.

Usiku ule sikulala. Nilinakili msimbo kwenye flashi, nikaufungua kwenye laptopu yangu. Mistari 2,140. Karibu na mwanzo kabisa nikakuta hii:

struct mwanafunzi {
    char jina[20];
    int  alama[9];
};

Mistari minne tu. Wa kompyuta mmeshaona. Wengine nawaeleza, siyo vigumu.

Hicho ni kisanduku cha mwanafunzi. Jina limepewa nafasi 20. Ukuta kwa ukuta na jina zinafuata alama tisa, na kwa Turbo C kila alama inakaa nafasi mbili. Sasa, jina lilikuwa linasomwa kwa gets(), ambayo inapokea kila unachoandika bila kuuliza kama nafasi inatosha. Ukileta herufi 19, sawa. Ukileta 29, hazitupwi. Zinavuka ukuta na kukaa kwa jirani.

Mwaka 2003 labda majina mawili yalitosha. Lakini kidato cha tatu walikuwa wanarekebishiwa majina ili mwakani wasajiliwe mtihani wa taifa kwa majina matatu. Alama ziliingizwa Juni, majina yakarekebishwa baadaye. Na kwetu majina ni marefu, mnajua. Jina la binti nimelibadilisha, ila urefu nimeuacha: Kokugonza Byarugaba Rwegasira. Hesabu herufi pamoja na nafasi za katikati: 29. Nafasi 20 za kwanza zikabeba Kokugonza na Byarugaba. "Rwegasira" lote likamwagika juu ya alama. "Rw" likakaa kwenye Uraia, "eg" Historia, "as" Jiografia, "ir" Kiswahili. Herufi ya mwisho, "a", ikakaa kwenye Kiingereza ikifuatiwa na sifuri ya kufunga jina. Na kwenye kompyuta herufi "a" ndogo ni namba ngapi?

97.

Yaani yule binti hakupata 97 ya Kiingereza. Ilikuwa herufi ya mwisho ya jina la babu yake.

Mtauliza, mbona zile nyingine zikawa sifuri? "Rw" ikisomwa kama namba ni 30,546. Alama elfu thelathini kila mtu angeshtuka. Na kumbe kweli kuna mtu alishashtuka! Mbele huko nikakuta mstari ulioongezwa na mmoja wa wale wapita njia:

if (alama[i] > 100) alama[i] = 0;

Na pembeni kaandika: "inaleta namba za ajabu, nimerekebisha." Ndugu yangu, hukurekebisha kitu. Ulikuta moshi ukafunga dirisha. Na kwa kuwa zile sifuri zilifuta herufi zilizomwagika, jina la tatu likapotea kwenye karatasi ya matokeo. Kila mtu akaona jina limekatika, kila mtu akadhani ni printa.

Hiyo ndiyo "inafanya kazi" yenu.

Sasa tuongee kama wasomi. Msimbo wa zamani ukikaa bila kuguswa hautulii, kwa sababu watu wanaendelea kuutumia kwa mambo ambayo mwandishi wake hakuyawaza. Majina yanakuwa marefu. Baraza la Mitihani linabadilisha viwango. Mnakumbuka kile kipindi kifupi cha GPA kilichoanza 2014, halafu tukarudi kwenye divisheni? Ndani ya ile programu kulikuwa na sehemu nzima ya GPA, imezimwa kwa alama za maelezo, na ndani ya sehemu iliyozimwa kuna sehemu nyingine iliyozimwa kabla yake. Kulikuwa na vipande tisa vya kupanga madaraja, kimoja kwa kila somo, vyote sawasawa isipokuwa kile cha Baiolojia ambacho mtu alisahau kukibadilisha. Na kulikuwa na maelezo ya mwaka 2004: "nitasafisha baadaye". Hiyo baadaye imesubiriwa mpaka watoto waliozaliwa mwaka ule wamemaliza shule.

Bibi yangu hajui C, lakini kibanja anakijua. Kila shina la mgomba analiachia watatu: mama, mtoto, mjukuu. Machipukizi mengine yote yanang'olewa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naona ni ukatili, migomba mizima kabisa inakatwa. Akaniambia, ukiyaacha yote utapata majani mengi na mikungu midogo kama ngumi. Msimbo wetu ni kibanja cha majani matupu, na tunajisifu kwa wingi wa majani.

Na kuna la pili kutoka kibanjani. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera, watu walifikiri ni laana. Kumbe panga lenyewe lilikuwa linabeba ugonjwa: unakata mgomba mgonjwa, unakwenda na panga hilo hilo kwa mgomba mzima. Wataalamu wakafundisha kuchoma panga kwa moto au kulisafisha kwa jiki, na ua dume la mgomba kuliondoa kwa kijiti chenye panda, siyo kwa kisu.

Wandugu, desa ndiyo panga letu. Mwaka wa kwanza tunanakili msimbo wa mwaka wa pili, ambaye alinakili wa kaka yake, ambaye alinakili kutoka kitini cha enzi za Turbo C. Ndiyo maana mpaka leo tunaandika void main() na conio.h na clrscr(), vitu ambavyo havimo katika C sanifu. Ndiyo maana tunaandika gets(). Mnajua historia ya gets()? Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Morris ulipoangusha kompyuta nyingi za intaneti changa ya Marekani, mlango mmoja uliopitia ilikuwa programu iliyosoma maneno kwa gets(). Mwaka 2011 toleo jipya la C likaifuta kabisa kwenye lugha. Imefutwa! Na sisi tumefundishwa, tumedesa, tumefaulu, na mwaka kesho tutakwenda kuwafundisha watoto wa watu. Panga lile lile, kibanja kipya.

Mtasema hayo ni ya shule za vijijini, za mtu wa kujitolea. Haya, twende kwa wakubwa.

OpenSSL ni msimbo wa C unaolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri ya intaneti. Aprili 2014 likatangazwa tundu lililoitwa Heartbleed. Lilikuwa hivi: kompyuta moja inaiambia nyingine, "nirudishie neno hili, urefu wake ni kadhaa". Ile ya pili inarudisha urefu ulioombwa bila kuhakiki kama neno kweli lina urefu huo. Unatuma neno dogo, unadai ni refu, unapewa neno lako pamoja na mpaka kilobaiti 64 za vilivyokuwa jirani kwenye kumbukumbu: nywila, funguo, chochote. Tundu lilikaa humo miaka miwili. Hebu litazameni vizuri. Ni Rwegasira yule yule, ila huyu anavuka ukuta wakati wa kusoma badala ya kuandika.

Watu wa OpenBSD walipoufungua ule msimbo walikuta msitu. Kulikuwa na sehemu za kuhudumia mifumo ambayo watu walishaizika, kama VMS na Windows za kizamani. Wakauchukua, wakaanza kusafisha nakala yao waliyoiita LibreSSL. Wiki ya kwanza tu walifuta zaidi ya mistari 90,000 ya C. Elfu tisini! Na kufuli iliendelea kufunga na kufungua kama kawaida.

Hata kwetu jambo hili lina kumbukumbu yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili. Menyu, vitufe, yote Kiswahili. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini chini ya maneno yale mazuri kulikuwa na mamilioni ya mistari ya C++, mtoto wa C, iliyotokana na programu ya kampuni ya Kijerumani ya miaka ya themanini, na maelezo mengi ya ndani yalikuwa bado kwa Kijerumani. Sisi tulitafsiri ubao wa dukani, stoo hakuna aliyeingia. Mwaka 2010 LibreOffice ilipojitenga, kazi mojawapo ya mwanzo waliyojipangia ilikuwa kuingia stoo: kufuta msimbo mfu na kutafsiri yale maelezo ya Kijerumani ili mtu mpya aweze kusoma. Na waliwapa wageni kazi hizo ndogo ndogo kama njia ya kujifunza msimbo. Kusafisha ndiyo ilikuwa shule yao.

Sasa nageukia upande wa pili, manake najua kuna wanaoshangilia wakidhani niko nao. Wale wa "C imekufa, futa yote, andika upya kwa Python wikiendi hii". Na ninyi nawapinga. Mna haraka, na mnadhani msimbo wa zamani ni ujinga wa wazee.

Nawapa kisa cha Debian. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja alikuwa anasafisha kifurushi chao cha OpenSSL. Chombo cha ukaguzi kililalamikia mistari fulani kwamba inatumia kumbukumbu ambayo haijajazwa. Mistari ikaonekana uchafu, ikaondolewa. Kumbe kwa kuiondoa aliondoa karibu bahati nasibu yote inayotengeneza funguo za siri. Ilipogundulika Mei 2008, funguo zilizotengenezwa kwenye mifumo ile, za aina moja na urefu mmoja, zilikuwa na uwezekano wa 32,768 tu. Mtu anakaa na kompyuta yake anazijaribu zote. Miaka miwili dunia ilifunga milango kwa funguo za kuchonga kwa mkaa.

Na kabla hamjamcheka, nichekeni mimi. Kwenye ile programu ya shule nilikuta mstari unaoruka alama iliyo chini ya sifuri. Nikasema, mpuuzi gani anapata alama hasi? Nikafuta kwa madaha. Asubuhi nikamwendea katibu muhtasi.

"Shikamoo mama. Nimesafisha, jaribu."

"Marahaba mwanangu." Akabonyeza, akaangalia, akavua miwani. "Mbona huyu ana F ya Kemia? Huyu alikuwa amelazwa, mtihani hakufanya. Mimi wasiofanya huwa naandika kutoa moja."

Kutoa moja. Haikuandikwa popote kwenye msimbo. Ilikuwa kichwani mwa mama yule miaka kumi na kitu. Mimi na digrii yangu ya nusu nilikuwa nimeshawapa F watoto watatu wagonjwa kwa usiku mmoja. Haraka haraka haina baraka, wahenga walishamaliza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauandika wazi ili mnishike nao: kila msimbo unaohukumu maisha ya mtu lazima uwe mfupi kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuusoma, na anayeusafisha lazima aweze kueleza kila mstari anaoufuta. Ukishindwa kueleza, usifute. Ukiweza kueleza kwamba haufanyi kazi yoyote, usiuache.

Nilivyofanya mimi baada ya aibu ile, kwa wanaotaka kujaribu. Kwanza nilitunza nakala ya zamani pembeni, haiguswi. Pili nilichukua madaftari ya walimu, nikatengeneza orodha ya wanafunzi arobaini na matokeo yao niliyoyapiga kwa mkono. Hao ndio mashahidi wangu. Kila badiliko dogo, naendesha programu, nalinganisha na mashahidi. Shahidi mmoja akikataa, narudi nyuma. Tatu nilitumia kompaila ya kisasa na kuiambia inieleze kila inachokitilia shaka, kwa -Wall na -Wextra. Ilinitukana kurasa nne. Nne nilifuta vilivyozimwa vyote, GPA na wenzake, manake nakala ipo. Tano, vile vipande tisa vikawa kitanzi kimoja na jedwali dogo la viwango: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30. Viwango vikibadilika tena, anabadilisha jedwali hata asiyejua C. Sita gets() ikawa fgets(), jina likapewa nafasi 80, na jina likizidi programu inasema badala ya kumeza. Ule mstari wa 100 nao ukaondoka. Sasa alama ya ajabu inakataliwa mlangoni kwa kelele. Saba, kutoa moja ikapewa jina: HAKUFANYA. Maelezo yote kwa Kiswahili, manake atakayeyasoma kesho ni mwalimu wa pale na katibu muhtasi wa pale.

Mistari 2,140 ikawa 610. Inafanya yote iliyokuwa inafanya, kasoro kudhulumu.

Hoja ya mwisho ya wapinzani wangu naijua, na kusema kweli ndiyo nzito kuliko zote: nani atakulipa? Kazi ya kusafisha haionekani. Mkuu wa shule aliniuliza, "Sasa umeongeza nini?" Nikasema nimepunguza. Akaniangalia kama nimekunywa. Na hapa chuoni ni hivyo hivyo. Mradi wa mwisho unapimwa kwa unene. Nani amewahi kupata alama kwa kufuta? Nani amewahi kupewa msimbo wa mtu mwingine mtihani ukasema, "Ufanye mfupi kwa nusu bila kubadilisha matokeo, na ueleze kila ulichofuta"? Mimi sijawahi, na niko mwaka wa tatu. Tunafundishwa kupanda tu, kung'olea hakuna. Halafu tunaajiriwa, na kazi ya kwanza tunayokuta mezani ni kibanja cha mtu aliyeondoka.

Sisemi kila kitu cha zamani kisafishwe. Kama una programu ya mchezo ya mwaka 2005 na unaicheza mwenyewe, iache ilale. Lakini inayotoa matokeo, mishahara, dawa, madeni, hiyo siyo yako peke yako. Kusema "usiiguse" hapo ni kusema wanaoumia waendelee kuumia kimya.

Na waliumia. Baada ya kumaliza, nilipitisha faili za miaka ya nyuma kwenye programu mpya, nikitafuta wote ambao majina yao yalizidi nafasi na yalirekebishwa baada ya alama kuingia. Nilipata saba pamoja na Kokugonza. Wanne bado wako shule, karatasi zao zimechapwa upya na wazazi wameitwa. Mmoja alihama. Wawili waliacha wakiwa kidato cha tatu, na mmoja wao nimeuza naye nyanya gulioni bila kujua. Sijui kama waliacha kwa sababu ya ile karatasi. Nilimwuliza yule wa gulioni, akasema, "Aah ticha, mimi Historia ilinishinda, nilipata sifuri." Nilishindwa kumjibu. Daftari la mwalimu wake lilisema 61.

Baba wa Kokugonza alirudi akachukua karatasi mpya. Aliisoma pale pale, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kofia. Akaniuliza ile 97 imeenda wapi. Nikamwambia ilikuwa ya babu. Alicheka, binti naye akacheka, mara ya kwanza namsikia.

Jumamosi saa nne niko vimbwetani, kile cha karibu na mwembe. Nina nakala ya msimbo wa zamani, majina yote nimeyabadilisha. Njooni na laptopu zenu, na mwenye desa la C aje nalo tulichome panga. Na yule kaka wa mwaka wa tatu, nawe unakaribishwa, uje unionyeshe mstari gani kati ya ile 1,530 niliyofuta nilipaswa kuuacha.

Nawasilisha.